Shubiri ya Fundi Sayi

Fundi Sayi alifariki mwezi uliopita nyumbani kwake Somanda, mjini Bariadi, na siku ya kuondoa matanga walikuja watu kutoka Kalemela wakiwa na visanduku vya mbao vilivyofungwa kwenye kanga. Nilikuwa uani na wanawake wenzangu tukichambua mchele. Kabla sijaona uso wa mama aliyewatangulia nilishamtambua kwa namna alivyokibeba kisanduku chake, kwapani, kama mtu abebavyo mkate, bila wasiwasi wowote kwamba kitaanguka. Mimi sijawahi kubeba kitu hivyo maisha yangu yote. Nina mvi sasa na wajukuu wawili, lakini nilimwonea wivu vilevile kama nilivyokuwa nikimwonea nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani wivu huzeeka na mwenyewe. Mama Holo, mjane wa fundi, aliniambia, "Milembe, huyo si Kabula? Nenda kampokee mwenzio." Nikasema mikono yangu ina pumba, nitakwenda baadaye, nikainamia ungo.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule ambao maduka ya Bariadi yalianza kujaa. Tulikuwa tumezoea rafu tupu na foleni ya sabuni, na ghafla biashara ikafunguliwa, kila mwenye nauli ya Mwanza au ya mpakani akarudi na kitu: mitumba, dawa ya meno, saa za plastiki, redio kaseti zenye spika mbili na taa zinazochezacheza. Fundi Sayi alikuwa anatengeneza redio kwenye chumba cha nyuma ya duka la nguo. Kilikuwa na dirisha moja la wavu, meza ndefu iliyoungua kila mahali kwa pasi ya kulehemu, na ukutani redio kuukuu zimetumbuliwa matumbo kama samaki. Mchana alitengeneza redio za watu. Ikifika saa kumi alifunga nusu ya mlango, na hapo tukaanza tulichokiita mambo yetu.

Mambo yetu yalikuwa visanduku. Fundi aliwahi kuwaza kwamba vipuri vya redio si lazima vingoje stesheni ndipo vitoe sauti, vinaweza kufundishwa kuimba vyenyewe. Basi kila kisanduku kilikuwa na kazi moja tu. Kimoja kilipiga mluzi. Cha pili kiliutetemesha mluzi ule, cha tatu kiliukwaruza kama koo lenye mafua, cha nne kiliurudia kama sauti inavyorudi ukipiga kelele kwenye majabali. Vilipangwa kwenye fremu ya mbao tuliyoiita kitanda, kila kimoja na nafasi yake, misumari ya shaba iliyo nyuma yake ikigusa mabati madogo ya kitanda, na umeme ukatoka kwenye betri ya gari. Ukibadilisha mpangilio, sauti nayo inabadilika. Ili jambo hilo liwezekane ilibidi visanduku vyote viwe na urefu mmoja. Cha kwanza fundi alikipima kwa shubiri ya mkono wake, akakata ufito wa mninga wenye urefu uleule, na ufito huo ndio ukawa kipimo. "Kisanduku cha mtu yeyote kilale kando ya kisanduku cha mtu yeyote," alikuwa akisema. "Hizi redio mpya, ikifa unatupa, ya mwaka kesho haikubali vipuri vya mwaka huu. Sisi tutakachotengeneza leo kitalala na kile ambacho mtu hajazaliwa atakitengeneza." Tuliapa kwamba hakuna atakayebadilisha kipimo. Tulikuwa watatu tu tulioapa, lakini tuliapa kama taifa.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Masunga, kibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba, aliyekuja kila siku na nyuzi nyeupe kichwani tukamwita babu. Alifanya kazi ovyo na kucheka sana. Mimi sikucheka. Nilijifunza peke yangu kwa kitabu cha Kiingereza kisicho na kurasa za mwanzo, nikikisoma na kamusi, na kwa kuwa sikufundishwa na mtu sikujua kamwe kama nimefika mahali pa kutosha. Kiungo kimoja cha waya nilikilehemu mara tano. Nikilala nilihesabu viungo vyangu nilivyovitilia shaka. Fundi aliliona hilo, na badala ya kunicheka alinikabidhi ule ufito. "Jicho lako kali," alisema. "Wewe utakuwa mtunza kipimo. Kisanduku hakiingii kitandani mpaka ukikubali." Sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha kama hicho. Niliufunga ufito kwenye kitambaa cheupe. Jasho la mikono na moshi vilikuwa vikiuchafua kwenye ncha, kwa hiyo kila Jumamosi niliusafisha kwa msasa mpaka mbao ikarudi kuwa nyekundu. Hata kitanda kipya, kilichochukua nafasi ya kile kilicholiwa na mchwa, nilikipima mimi kwa ufito huo, na nafasi zake zilikaa sawasawa hata pumzi haipiti.

Kabula alifika msimu wa kuchuma pamba. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake karibu na hospitali, akaleta redio ya mjomba wake iliyoingia maji ya ziwa. Kwao Kalemela walikuwa wavuvi, na yeye alikuwa ameshona nyavu tangu utotoni. Aliviona visanduku mezani, akauliza, "Hivi ni vya nini?" Masunga akamwambia, "Ni majeneza ya panya." Kabula akacheka mpaka akakaa chini, na alipokaa hakuondoka tena. Hakuweza kusoma kitabu changu, wala hakukitaka. Aliinamisha kichwa, akagusa waya hapa, akagusa pale, akasikiliza, na ikifika jioni ameshapata kile nilichokitafuta wiki mbili kwa kamusi. Vifundo vyake vya waya vilikuwa vidogo na vimelala upande mmoja kama vya wavu. Siku moja, wenzangu wakiwa nje, nilifungua kisanduku chake nikatafuta kosa. Nilitafuta mpaka macho yakauma.

Mama Holo alikuwa akituletea michembe ya viazi na karanga kwenye sahani moja, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Tangu nianze kufika pale mimi ndiye nilikuwa msichana pekee, na kibuyu kilianza kwangu. Sasa kikawa kinaanza kwa Kabula. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama Holo alisema, akimwekea vipande vikubwa. Najua ni aibu mtu mzima kuandika kwamba aliumizwa na viazi vikavu, lakini nimejiahidi kusema ukweli. Nilikuwa nakihesabu kila kipande. Naye Kabula, bila kujua lolote, alikuwa akivisogeza vile vikubwa upande wangu, na hilo ndilo lilinikera zaidi. Aliniita dada. "Dada Milembe, hebu nipimie. Dada Milembe, hapa pamekaa vizuri?" Aliamini jicho langu kuliko lake mwenyewe.

Kisha nikasikia jambo ambalo singepaswa kulisikia. Nilikuwa nje nimechutama nikisuuza brashi, na bati la ukuta halifichi kitu. Masunga alimuuliza fundi nani ni bora kati yetu wawili, maana fundi naye siku moja atachoka. Nikasikia fundi akikoroga chai.

"Milembe anafanya vizuri kwa sababu anaogopa," akasema. "Yule mwingine anafanya vizuri kwa sababu anasikia."

"Sasa lipi zuri?"

"We unaonaje? Mwenye woga ukimwondolea woga anabaki na nini?"

Masunga akacheka. "Anabaki na ufito wa mninga."

Sikuingia ndani siku hiyo. Nilitembea mpaka mtoni na brashi mkononi.

Wiki chache baadaye alikuja manju wa Ipililo, mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa kundi lao la ngoma. Mavuno yalikuwa yamekwisha, ndio wakati wa mashindano, na asiyeyajua mashindano yetu Wasukuma naomba nimweleze: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na hakuna majaji. Watu wenyewe ndio hukumu. Wanakwenda kusimama kwa anayewavuta, wanahama, wanarudi, na kufikia jua kuzama aliyebaki na watu ndiye mshindi. Kwa hiyo kila manju hutafuta cha kuvutia watu, awe na nyoka, sanamu, au dawa. Huyu alikuwa amesikia kwamba Somanda kuna dawa mpya ndani ya visanduku.

"Mwangaluka," alisalimia, akabaki mlangoni, mguu mmoja ndani. "Hiyo dawa yenu ina mwiko wowote?"

"Usiimwagie maji tu," Masunga akamjibu.

Fundi alikubali kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Miaka yote ile watu walikuwa wamemwona mtu wa mchezo wa kitoto. Sasa uwanja mzima ungesikia. Alituambia kila mmoja alete kisanduku kipya.

Changu kilikuwa mluzi safi, safi kabisa, usio na dosari, na sasa naweza kusema kilikuwa kama kengele ya mlango. Kabula alikuja na chake siku tatu kabla ya shindano. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi hakukipima kwa ufito, alichukua kile kisanduku cha kwanza kabisa cha fundi akakifuatisha. Aliunga waya pembeni, nje ya kitanda, ili tusikie kwanza. Kilianza chini sana, kikapanda taratibu, kikakatika katikati na kuanza tena. Alikuwa ng'ombe. Hakuwa ng'ombe wa kuigiza kama watoto wanavyoigiza, alikuwa ng'ombe mama anayemwita ndama jioni na hajamwona. Fundi aliacha kikombe hewani. Nje, mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akachungulia kwenye wavu, akauliza kwa hasira, "Nani kafungia ng'ombe humu ndani?" Masunga alijiangusha chini kwa kicheko. Mimi nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba uwanja wote wa wafugaji ungegeuza shingo, na hakuna mtu ambaye angeukumbuka mluzi wangu.

"Lete nipime," nikasema.

Niliufungua ufito kutoka kwenye kitambaa. Kisanduku kiliuzidi kwa unene wa punje ya uwele. Nikakijaribu kwenye nafasi yake kitandani, kikagoma.

"Hakiingii."

"Kidogo tu hicho, dada," Kabula alisema. "Nikikwangua?"

Hakikuweza kukwanguliwa. Alikuwa ametumia ubao mwembamba wa sanduku la chai, na vipuri vilikuwa vimeshikamana na kuta zake mpaka ukingoni. Kukwangua kulimaanisha kukibomoa na kuanza upya, na siku hazikuwepo.

"Lakini nilipima kwa kile cha kwanza cha fundi," akasema.

"Basi hukupima vizuri."

Masunga akasema tupanue nafasi moja ya kitanda, dunia haitaisha. Fundi alinitazama. Nadhani alikuwa anataka nikubali, alikuwa ananiomba. Na mimi nilimrudishia maneno yake mwenyewe moja baada ya jingine: kwamba tukipanua kwa mmoja tutapanua kwa wote, kwamba kisanduku cha mtu yeyote kilale kando ya cha mtu yeyote, kwamba tuliapa. Sauti yangu ilikuwa ya upole. Nilikuwa nazungumza kama mtu wa haki. Fundi alipangusa uso kwa kiganja akasema, "Mtunza kipimo amesema." Kabula hakubishana. Alikifunga kisanduku chake kwenye kanga na kusema, "Samahani, fundi, nimewaangusha."

Kesho yake asubuhi nilifika mapema kupanga vile vitakavyokwenda uwanjani. Nilianza na kile cha kwanza cha fundi, baba wa vyote, ambacho kilikuwa hakijawahi kulala kwenye kitanda kipya. Hakikuingia. Nilikigeuza, nikasukuma, hakikuingia. Nikachukua cha pili na cha tatu vya zamani, navyo vikagoma. Vyangu vya mwaka ule vyote viliingia. Nilikaa sakafuni na ufito mapajani, nikautazama kwenye ncha zake, nyekundu, laini, safi, na nikaelewa. Jumamosi moja haipunguzi kitu. Jumamosi za miaka miwili zinapunguza punje ya uwele. Kabula alikuwa amepima vizuri. Mimi ndiye niliyekula kipimo kwa msasa, na kitanda nikakipima kwa kipimo kilicholiwa.

Ningeweza kusema. Fundi alikuwa anakuja, nilisikia akimsalimia mwenye duka. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwambia maneno matatu, na Kabula angeitwa, na nafasi ingepanuliwa kabla ya chai. Badala yake nilichukua tupa. Fundi alipoingia nilizungusha mazungumzo, nikasema nasafisha misumari, na nilipobaki peke yangu nikazisaga ncha za vile visanduku vitatu vya fundi mpaka vikaingia. Vumbi la mbao yake nililipuliza dirishani. Nilifanya kazi safi sana. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Uwanjani, saa za mwanzo tulikuwa na watu. Sauti zetu zilipita kwenye spika ya honi, manju akaimba juu yake, na akina mama wakapiga vigelegele. Lakini wapinzani walikuwa na kitu walichokileta kutoka Mwanza, kinanda cha plastiki kinachotumia betri ndogo, chenye ngoma ndani yake inayojipiga yenyewe. Walipokiwasha watu walianza kunyanyua shingo. Kisha wakahama, kwanza vijana, kisha wote. Wazee wenye fimbo ndio walibaki kwa muda, na ninaapa wazee wale walikuwa wanangoja kitu cha kuwashika. Manju alimgeukia fundi. "Hiyo dawa yako haina nyingine?" Kabula alikuwa amesimama nyuma yetu, kisanduku kiko kwenye kanga mgongoni kama mtoto, akipiga makofi kwa nguvu peke yake. Jua lilipozama tulikuwa na mbwa na watu wa Ipililo.

Baada ya hapo mambo yetu yalisambaratika upesi. Masunga alinunua kinanda chake mwenyewe akawa anazunguka nacho kwenye harusi. "Babu amestaafu majeneza," alisema. Mimi nilipata kazi ya kuuza redio kaseti kwenye duka moja Mwanza, na nikajiambia kwamba nakua. Kabula, ambaye hakuwepo tulipoapa, ndiye pekee aliyebaki na kiapo. Kabla ya kurudi kwao alikuja kuniaga, akaniomba kitu kimoja.

"Niazime ufito, dada, nikate wangu. Nataka niwe nimekosea mara moja tu maishani."

Nikamwazima. Niliketi nikamtazama akiukata ufito wake sawasawa na wangu, akifunga jicho moja, ulimi nje kidogo. Nilimwambia, "Hapo sasa umepata."

Miaka thelathini na zaidi imepita juu ya maneno hayo. Nilisikia habari zake kwa watu wa samaki wanaokuja mnadani: kwamba kule kwao Busega anafundisha vijana, kwamba visanduku vimejaa nyumba, kwamba kisanduku alichotengeneza mwaka wa kwanza bado kinalala kando ya cha mwanafunzi wa juzi. Kila nilipozisikia nilibadilisha mazungumzo.

Sasa turudi uani kwa marehemu. Baada ya chakula vijana wa Kalemela walitandika kitanda chao kikubwa mbele ya watu, wakaanza kupanga. Mama Holo akawaletea sanduku la bati la fundi, ili na vyake viwemo siku yake ya mwisho. Vile vitatu viliingia bila shida. Kisha kijana mmoja akatoa cha nne, kile cha mwangwi, ambacho hakikwenda uwanjani mwaka ule. Kikagoma. Akakigeuza, akaweka ufito wao juu yake, akatikisa kichwa.

"Hapa mzee alikosea," akasema.

"Hata yeye?" mwenzake akauliza.

"Hata yeye. Kipimo chake mwenyewe!" Wakacheka, si kwa dharau, na Kabula akawaambia, "Msameheni marehemu. Kila fundi ana siku yake mbaya."

Mama Holo aliinamisha uso. Hapo nikanyanyuka. Nilimvuta Kabula pembeni ya jiko nikamwambia yote, Jumamosi, msasa, tupa, na neno nililomwambia siku ya kuagana. Moshi ulikuwa unamwingia machoni, hakusogea.

"Kumbe ng'ombe wangu alikuwa mzima," akasema mwishowe.

"Alikuwa mzima."

"Nilikibomoa, Milembe. Nilikibomoa njiani, nikatupa vipande Lamadi. Sikuweza kumpata tena yule ng'ombe. Nimejaribu mara nyingi." Kwa mara ya kwanza hakuniita dada. "Nenda kawaambie. Mimi sisemi kwa niaba yako."

Nikaenda, nikasimama mbele ya watu wa matanga na kuwaambia kwamba fundi hakukosea, nilikosea mimi, na kwa nini nilinyamaza. Nilisema kwa Kiswahili, kisha Mama Holo akaniambia niseme kwa Kisukuma ili wazee wa ukoo waelewe, ikabidi nirudie aibu yote kwa lugha ya nyumbani, ambako haina pa kujificha. Nilipomaliza, kijana yule akauliza, "Sasa kipimo sahihi ni kipi? Vyetu vyote vimekatwa kwa huu." Hakuniuliza mimi. Wote walimgeukia Kabula, wote kwa pamoja, kama ambavyo uwanja ungegeuka siku ile.

Kabula alichukua kile cha mwangwi, akakipima kwa kidole, akaomba patasi. Alipiga magoti mbele ya kitanda, akakata nafasi moja ya mwisho ikawa pana zaidi, na kukilaza kisanduku cha fundi. Kikaingia. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. "Vingine vibaki vilivyo," akasema, na ikawa hivyo, hakuna aliyeuliza tena. Nilimtazama akipangusa vumbi la mbao kwenye kanga yake, nikijua kwamba nilichomnyima mwaka ule kilikuwa kazi ndogo hivyo, na kwamba nilitakiwa kujuta tu. Nilijuta. Lakini nilikuwa pia nautazama mkono wake, ulivyokata mara moja bila kupima mara ya pili, na bado niliutaka uwe wangu.